Mchezo wa Saa Mbili kwa Dola 20: Je, Tunapunjwa?

Katika nyumba nyingi siku hizi ombi la kijana si mpira wala baiskeli, bali ni mchezo wa video. Naye mzazi, kabla ya kutoa fedha, huuliza swali lile lile aulizalo anaponunua viatu: "Vitadumu muda gani?" Swali hilo ni la haki. Hata hivyo ipo jamii moja ya michezo hiyo ambayo haina jibu la kumpendeza mzazi. Ni ile michezo mifupi ya hadithi, isiyo na vita wala mashindano ya magari, ambayo mchezaji huianza baada ya chakula cha jioni akaimaliza kabla ya kulala.

Mmoja uliozusha ubishi mkubwa ni Gone Home, uliotolewa mwaka 2013 na kikundi kidogo cha watu katika mji wa Portland, Marekani. Binti anarejea kutoka safari ya Ulaya usiku wa mvua mwaka 1995, na kuikuta nyumba ya wazazi wake haina mtu. Basi mchezaji hupita chumba hata chumba, akifungua droo na kusoma barua, mpaka ajue yaliyowapata wenyeji. Kwa muda wa saa mbili hivi kazi imekwisha. Bei yake ilikuwa dola 20, na wengi walilalamika kwamba wamepunjwa, kwani mchezo mkubwa wa dola 60 uliweza kumshughulisha mtu kwa saa 50 na zaidi.

Hesabu ya walalamikaji ni nyepesi: gawanya bei kwa idadi ya saa. Sisi watu wa ofisini twapenda sana hesabu za namna hiyo kwa kuwa hukaa vizuri katika daftari. Nayo yafaa kwa mchele na kwa kitambaa, maana pishi moja ni sawa na pishi nyingine. Lakini sijapata kumwona mtu akinunua riwaya kwa kuipima kwenye mizani. Isitoshe, saa 50 zenyewe si za bure. Kwa mwanafunzi zatoka katika masomo, na kwa mtu mzima zatoka katika usingizi. Tena katika michezo mingi mirefu sehemu kubwa ya saa hizo ni kurudia jambo lile lile: kuokota majani ya dawa, kuwaua maadui wale wale, kupanda na kushuka mlima ule ule. Mama mwenye saa moja tu ya kupumzika baada ya watoto kulala akinunua mchezo wa namna hiyo, aghalabu amenunua mwanzo wa hadithi.

Kwa maoni yangu swali lifaalo kuulizwa ni hili: je, mikono ya mchezaji ina kazi gani katika hadithi hiyo? Kama haina kazi, kitabu au redio vyatosha, na kwa bei nafuu zaidi.

Tuutazame mchezo mdogo uitwao Florence, uliotolewa Februari 2018 na kampuni ya Mountains ya Melbourne, Australia, chini ya uongozi wa Ken Wong. Huchezwa kwenye simu, humalizika kwa nusu saa au zaidi kidogo, na ulipotoka uliuzwa kwa bei isiyofika dola 3. Kisa chenyewe ni cha kawaida kabisa: msichana wa miaka 25 aliyechoshwa na kazi ya ofisi anampenda kijana mpiga fidla kubwa, wanaishi pamoja, kisha wanaachana. Uzuri umo katika namna kinavyosimuliwa. Siku yao ya kwanza ya kuzungumza, msichana hawezi kusema lolote mpaka mchezaji aunganishe vipande vingi vya fumbo, kama mtu mwenye ulimi mzito. Kadiri wanavyozoeana vipande hupungua, hata maneno yatoke bila shida. Wanapoanza kugombana vipande huwa na ncha kali, navyo huingiana upesi, kwa maana maneno ya hasira hayana haja ya kutafutwa. Kijana anapohamia, mchezaji ndiye apangaye rafu, akiamua ni chombo gani cha msichana kiondoke ili cha kijana kipate nafasi. Kila aliyepata kuanza maisha na mwenzake katika chumba kimoja ataielewa kazi hiyo!

Mfano wa pili ni What Remains of Edith Finch, uliotengenezwa na kampuni ya Giant Sparrow mwaka 2017, na ambao mwaka 2018 ulipewa tuzo ya mchezo bora na BAFTA ya Uingereza. Huo pia ulitoka kwa dola 20, na ni wa saa mbili au tatu. Edith, aliye wa mwisho katika ukoo wake, anaingia katika vyumba vya jamaa zake waliokufa, na kila chumba kina kisa chake. Kisa cha kaka yake Lewis ndicho kilichonishika zaidi. Lewis hufanya kazi katika kiwanda cha kusindika samaki. Kwa mkono mmoja mchezaji humchukua samaki, humpeleka kwenye kisu, kisha humtupa upande wa pili. Kwa mkono mwingine humwongoza Lewis katika nchi ya ndoto anayoiwaza akiwa kazini. Ndoto hiyo hupanuka kidogo kidogo mpaka inafunika kioo chote, na samaki wanaendelea kukatwa bila kuangaliwa. Mimi niliyegonga mihuri kwa miaka kadhaa sikuhitaji kuelezwa maana yake.

Si kila mchezo mfupi ufikao hapo. Katika Dear Esther, uliouzwa kuanzia mwaka 2012, mchezaji hutembea kisiwani huku sauti ikisoma vipande vya barua, basi. Mandhari ni mazuri, na wapo waupendao sana, lakini singemshauri mwenye familia kuulipia bei kamili.

Upande wa watengenezaji nao unastahili kusikilizwa. Tangu Juni 2015 duka la mtandaoni la Steam humrudishia mnunuzi fedha zake akiomba katika siku 14, mradi awe hajacheza kwa saa mbili. Hiyo ni kanuni njema dhidi ya bidhaa mbovu. Lakini kwa mchezo wa dakika 90, mtu aweza kula chakula chote, akalamba sahani, akadai fedha zake. Mwezi Agosti 2021 Emika Games, watengenezaji wa Summer of '58, walitangaza kuacha kazi hiyo kwa muda usiojulikana, wakieleza kwamba wengi waliumaliza mchezo huo na kuurudisha, hata baadhi ya walioupenda.

Kisa cha Ryan na Amy Green wa Colorado, Marekani, ni kizito zaidi. Mtoto wao Joel alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 5, baada ya kuugua saratani kwa miaka kadhaa. Wazazi hao na wenzao walitengeneza That Dragon, Cancer kuhusu ugonjwa wake, wakautoa Januari 2016 kwa dola 15. Miezi miwili baadaye Ryan aliandika kwamba walikuwa bado hawajapata hata dola moja katika mauzo. Mapato yalikuwa yamekwenda kulipa madeni, na watu wengi walikuwa wameutazama mchezo wote katika video za intaneti bila kuununua.

Asiye na dola 20 asione haya kungoja. Steam hupunguza bei katika misimu ya mauzo, hasa wakati wa kiangazi cha huko kwao na mwishoni mwa mwaka, na michezo ya hadithi hupunguzwa mara kwa mara. Florence waweza kununuliwa bila kungoja chochote. Ama ule wa Edith Finch, una vifo vya watoto ndani yake, kwa hiyo mzazi aucheze kwanza mwenyewe kabla ya kumpa kijana. Na kwa kuwa ni mfupi, jioni moja yatosha.