Simulia kisa kwanza, takwimu zifuate

Wakala wa forodha wa Mombasa anayetafuta kazi kwa mwagizaji bidhaa wa Kampala hupewa dakika chache tu za kujieleza. Wengi huzimaliza wakitaja mwaka kampuni ilipoanzishwa na idadi ya malori. Mteja husikiliza kwa adabu, kisha huenda kwa mwingine.

Bandari ya Kilindini huhudumia pia Uganda, Rwanda na Sudan Kusini, na mawakala ni wengi. Kinachomkosesha mwagizaji usingizi ni kontena kukwama bandarini, kwa kuwa muda wa kuhifadhiwa bure ukiisha, ada huongezeka kila siku. Basi anzia hapo. Simulia jinsi mzigo mmoja ulivyokwama, hati iliyokosekana, hatua uliyochukua na siku ulipovuka mpaka wa Malaba. Kisa kiwe cha kweli, na jina la mteja lisitajwe bila idhini yake.

Safaricom ilitumia mbinu iyo hiyo ilipozindua M-Pesa mwaka wa 2007. Matangazo yake hayakueleza mitambo. Yaliwaambia Wakenya watume pesa nyumbani, na kila aliye na mzazi mashambani akaelewa.

Hata hivyo, kisa bila maandalizi ni porojo. Zijue gharama zako kwa kichwa, andaa majibu ya maswali matatu magumu zaidi, na ujizoeze kwa sauti mbele ya mwenzako ukitazama saa. Mwishowe, taja waziwazi unachoomba. Asiyeomba hapewi.