Mbio za Magari Zinazoshindaniwa Chumbani

Huko Marekani na Ulaya umeenea mchezo ambao mtu asiyeushuhudia kwa macho yake huenda akaudhania kuwa ni wa kitoto. Dereva huketi chumbani mwake mbele ya kioo cha kompyuta, ameshika usukani uliofungwa mezani, miguu yake i juu ya vikanyagio vya mafuta na breki, naye hushindana kwa njia ya intaneti na wenziwe walio mbali naye maelfu ya maili. Gari halipo wala petroli haipo, lakini jasho lipo.

Mojawapo ya programu mashuhuri za mchezo huo ni iRacing, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2008 katika jimbo la Massachusetts. Viwanja vyake vimepimwa kwa miali ya leza, hata vibonde vya lami vikaigwa. Hata hivyo, ufundi wake mkubwa umo katika kuwapanga washindani, kwa maana mbio hazina ladha ikiwa mmoja hutangulia peke yake na wengine humfuata nyuma kama wasindikizao maiti.

Kila dereva huanza na alama 1350. Awashindaye walio juu yake hupata alama nyingi, na ashindwaye na walio chini yake hupokonywa nyingi, mfano wa ifanyikavyo katika sataranji. Wakijiandikisha watu wengi kwa mbio moja, hugawanywa makundi kwa kufuata alama hizo, hodari kwa hodari na mwanafunzi kwa mwanafunzi. Katika baadhi ya mbio hairuhusiwi hata kubadili springi za gari, ili yabaki mashindano ya mkono na akili tu.

Upo pia mzani wa usalama. Kutoka nje ya njia ni alama 1 ya kosa, kupoteza mwelekeo ni 2, na kumgonga mwenzio kwa nguvu ni 4. La ajabu ni kwamba wakigongana wawili, wote huandikiwa, kwani kompyuta haiulizi ni nani mwenye hatia. Askari wa usalama barabarani atacheka kusikia hukumu ya namna hiyo! Lakini humfundisha dereva kumkwepa mzembe mapema. Asiye na kosa huumia, ni kweli, na ndiyo sababu ligi nyingi za marafiki huteua waamuzi wao wa kuitazama tena picha ya mbio.

Ubishi mkubwa u katika uzito. Baadhi ya ligi humbebesha mshindi kilo za ziada katika mbio zifuatazo, kama yalivyofanya mashindano ya magari ya saluni ya Uingereza kwa miaka mingi hadi 2021. Nyingine huupindua mstari wa kuanzia, wa mwisho akawa wa kwanza. Watazamaji hufurahi, mshindi hununa, naye ana haki ya kununa, kwani anaadhibiwa kwa bidii yake. Kuwapanga watu kwa alama ni haki zaidi kuliko kumfunga hodari jiwe mguuni.

Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipovifunga viwanja, madereva wa NASCAR walihamia katika mchezo huu. Tarehe 22 Machi, katika uwanja wa kuigwa wa Homestead, Denny Hamlin alimpita Dale Earnhardt Jr. katika mzunguko wa mwisho, akiwa nyumbani kwake, miguu mitupu. Mwezi uliofuata bintiye alibonyeza kidude cha kuzimia kioo, na baba akajikuta gizani katikati ya mbio. Wenye watoto wataelewa.

William Byron naye, wa North Carolina, alijifunza mbio kwenye kompyuta akiwa kijana mdogo, kabla ya kushindana katika gari la kweli mwaka 2012. Mwaka 2024 alishinda Daytona 500, na mwaka 2025 akaishinda tena.