Baka la Kuzaliwa Si Laana

Muhula mmoja niliwasikia wanafunzi wangu wakimwita mwenzao "Zambarau", kwa sababu ya baka la rangi ya damu ya mzee lililoenea shavuni mwake. Mamaye alinisimulia kwa uchungu jinsi majirani walivyomlaumu, eti alimcheka mtu mwenye kovu alipokuwa mjamzito.

Ukweli ni kwamba baka la aina hiyo hutokana na vishipa vya damu vilivyotanuka ngozini tangu mtoto angali tumboni. Huwapata takriban watoto 3 kati ya 1,000, wala halififii lenyewe. Mnamo 1983, Anderson na Parrish wa Marekani walieleza jinsi miale ya leza iwezavyo kuchagua shabaha: wekundu wa damu huinyonya, vishipa vikaungua na kuziba, ngozi ikasalimika. Tiba hurudiwa mara kadhaa, na aghalabu hufaa zaidi utotoni, ngozi ikiwa nyembamba. Ngozi nyeusi yahitaji tabibu mwangalifu zaidi, maadamu weusi wake pia hunyonya miale.

Walimu wenzangu, tuwahimize wazazi wamwone daktari mapema. Nanyi wanafunzi, kumbukeni kwamba jina la dhihaka halina leza ya kulifuta.