Fahamu: Kwa nini wazee wa Marekani wanalilia bei za bunduki

Kwenye maonyesho ya bunduki Marekani, kama yale ya Tulsa, Oklahoma, utasikia malalamiko ya bei kabla hujaiona bunduki. Ni gulio hasa: meza maelfu, watu wanashika, wanakagua, wanapatana.

Wazee wanaikumbuka nchi ya kabla ya 1968, walipopewa bunduki ndogo wangali watoto wakawinde kindi. Iliagizwa kwa posta kama shati. Hata kampuni ya maduka ya Sears iliziweka kwenye katalogi yake. Lee Harvey Oswald naye aliagiza hivyo mwaka 1963, bunduki ya Kiitaliano iliyobaki vitani, na darubini yake juu, kwa dola zisizofika 22. Rais Kennedy alipouawa kwayo mjadala ukawaka, na sheria ya 1968 ikaufunga mlango wa posta.

Vijana nao wanaililia bunduki ya Kirusi, Mosin-Nagant. Miaka ya 2000 uliweza kuipata chini ya dola 100, maana maghala ya Usovieti ya zamani yalikuwa yakimwagwa sokoni. Maghala yakapungua, vikwazo vikaja, sasa ni dola mia kadhaa.

Ila zile dola 22 za 1963 ni zaidi ya 200 za leo. Babu hilo huwa halisimulii.