Laptopu Ndogo ya Linux kwa Umeme wa Sola, Isiolo

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 haipati tena masahihisho ya kawaida ya usalama. Windows 11 nayo ina masharti: chipu ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Ndiyo maana laptopu za kizazi cha sita na cha saba, zile tunazoziita ex-UK, zimefungiwa nje ingawa nyingi bado ni nzima. Kwa mwalimu wa Garbatulla au mhudumu wa afya wa Oldonyiro, hii ni nafasi nzuri ya kununua.

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, haina masharti hayo. Linux Mint ya Xfce huwaka hata kwa RAM ya GB 2, na kwa GB 4 inatulia. Mimi ningetafuta GB 8, kwa sababu mlafi mkubwa siku hizi ni kivinjari cha intaneti, si mfumo wenyewe.

Lakini huku kwetu swali la kwanza liwe umeme. Ukiacha lami ya kwenda Moyale ukashika njia ya Merti, maboma mengi yanategemea sola. Betri ya sola ni ya volti 12. Inverta huupandisha umeme huo hadi volti 240, kisha chaja ya laptopu inaushusha tena hadi 20, na kila hatua hupoteza sehemu yake kama joto. ThinkPad X270 ya mwaka 2017, yenye skrini ya inchi 12.5 na uzito wa takriban kilo 1.3 ikiwa na betri ndogo, hupokea chaji kwa USB-C. Chaja ya gari inayotoa volti 20 na wati 45 inatosha kuilisha moja kwa moja kutoka kwenye betri ya sola, bila inverta.

Uzuri mwingine ni betri zake mbili: ya ndani ina Wh 23, ya nyuma hufika Wh 48 au hata 72, na hii ya nyuma unaibadilisha mashine ikiwa inawaka. Ukiandika tu kwa matumizi ya wati 8, Wh 71 (23 za ndani na 48 za nyuma) zinakupa karibu saa tisa. Hesabu hiyo ni ya betri mpya, na hapo ndipo wanunuzi wengi huumia.

Basi nenda dukani na flashi yenye Mint. Bonyeza F12 (HP ni F9), uwashe kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Jaribu waifai, sauti na kamera. Kadi za waifai za Intel kwa kawaida hazisumbui, baadhi za Broadcom hudai programu ya ziada. Funika, ufunue, uone kama inaamka. Kisha fungua terminali uandike upower -d. Kwenye mstari wa “capacity”, asilimia 85 ni betri ya kutegemewa; 50 ni betri iliyobakiwa na nusu ya uwezo wake, na bei ishuke kwa kiasi hicho.

Diski iwe SSD, kwani haina sehemu zinazozunguka za kuharibiwa na mitikisiko ya njiani. Na BIOS ikiomba nenosiri asilolijua muuzaji, mrudishie mashine yake, hata akupunguzie vipi.