Mwana wa Mchimba Makaa Katika Nyumba ya Faraday

Kwetu posa haiendi bila mshenga. Mtu huyo huenda huku na huko mpaka nyumba mbili zikutane, na harusi ikiisha hurudi kwake kama alivyokuja, tayari kutumwa tena. Katika kemia kazi hiyo hufanywa na kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha kuungana au kuachana kwa vitu vingine, nacho chenyewe hakiishi. Viwanda vya petroli, mbolea na nailoni hutegemea washenga wa namna hii. Profesa John Meurig Thomas alitumia umri wake kuuliza swali moja: mshenga husimama wapi hasa anapofanya kazi?

Alizaliwa tarehe 15 Desemba, 1932, karibu na mji wa Llanelli, kusini mwa Wales, katika nchi ya makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mchimbaji. Shuleni, mwalimu wake wa fizikia, mwanamke, aliwasimulia wanafunzi habari za Michael Faraday, mwana wa mhunzi aliyejifunza ufundi wa kujalidi vitabu, akavisoma vile alivyoletewa kujalidi, na hatimaye akawa mwanasayansi mashuhuri wa Taasisi ya Kifalme mjini London. Hadithi hiyo ilimwingia kijana yule, wala haikumtoka tena.

Alisoma Swansea, akapata udaktari London, kisha mwaka 1958 akarudi Wales kufundisha, kwanza Bangor na baadaye Aberystwyth, hadi 1978. Wanaodhani kwamba elimu ya juu kabisa haina budi kutoka katika miji mikubwa wangefaa kuitazama miaka hiyo 20. Huko ndiko alikochunguza grafaiti, ambayo ni kaboni, ndugu wa makaa aliyoyachimba baba yake. Vitabu huichora fuwele kama gwaride la askari, kila atomu mahali pake. Thomas alionyesha kuwa fuwele halisi ina kasoro: hapa safu imekatika, pale atomu imekosekana. Na ni penye kingo na kasoro hizo ndipo oksijeni huanza kuila grafaiti. Pale palipokamilika hukaa kimya.

Fikra hiyo alikwenda nayo Cambridge mwaka 1978. Kwa hadubini za elektroni, na baadaye kwa miali mikali ya eksirei, alichungulia ndani ya zeolaiti, madini yenye vijia vyembamba mno, vinavyopitisha molekuli za kipimo fulani na kuzikataa nyingine, mfano wa chekecheke. Kisha hakutosheka kutazama tu. Alianza kubuni vichocheo vyenye vituo vya kazi vilivyotengana na kufanana, kila kimoja mahali panapojulikana. Mwaka 2005 yeye na mwenzake walionyesha njia ya kupata malighafi ya nailoni kwa hatua moja, kwa hewa na amonia, ilhali njia ya zamani ina hatua kadhaa na huacha chumvi nyingi isiyotakiwa.

Lakini mwaka 1986 alikuwa amekwisha kukiacha kiti chake cha Cambridge, jambo ambalo wengi wangeliona hasara, akawa Mkurugenzi wa Taasisi ya Kifalme, nyumba ile ile ya Faraday. Humo, mwaka 1834, Faraday alikuwa ameeleza jinsi platini inavyoziunganisha haidrojeni na oksijeni. Na humo, mwaka 1987, Thomas na David Phillips waliwafundisha watoto habari za fuwele na leza katika mihadhara ya Krismasi iliyoanza enzi za Faraday mwenyewe, nayo ikaonyeshwa katika televisheni.

Aliondoka hapo mwaka 1991, mwaka aliopewa cheo cha Sir, na kuanzia 1993 hadi 2002 aliongoza Peterhouse, chuo kikongwe kuliko vyote vya Cambridge. Madini moja ya fosfati ya chuma imepewa jina lake, meurigaiti. Alipofiwa na mkewe wa kwanza, alimwoa Jehane Ragai, profesa wa kemia kutoka Cairo, mwaka 2010. Aliendelea kuandika makala za utafiti hata baada ya kutimiza miaka 80, akafariki tarehe 13 Novemba, 2020.