Hundi ya Dakta Jekyll

Saa tisa za usiku wa baridi, London. Mtu mmoja mfupi anagongana na msichana mdogo kwenye kona ya mtaa, anamkanyaga na kupita zake huku mtoto akilia chini. Anakamatwa na kubanwa alipe fidia ya pauni 100. Anatoa ufunguo, anafungua mlango mkuukuu usio na kengele, kisha anarudi na pauni kumi za dhahabu na hundi ya kiasi kilichosalia. Saini iliyomo ni ya mtu anayeheshimika mjini. Waliomkamata hawana shaka kwamba imeghushiwa. Kulipokucha wanaipeleka benki, na benki inailipa.

Hivyo ndivyo Robert Louis Stevenson anavyotukutanisha na Bwana Hyde katika riwaya fupi iliyotoka Januari 1886. Mwandishi huyu Mskoti si mgeni kwetu: ndiye aliyeandika Kisiwa chenye Hazina, hadithi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili tangu enzi za ukoloni. Kisa cha Dakta Jekyll na Bwana Hyde kiliuzwa shilingi moja, na katika miezi sita nakala zipatazo 40,000 zilinunuliwa Uingereza.

Hata asiyekisoma anakijua: daktari mwema anakunywa dawa, anageuka katili. Wema huku, uovu kule, vinagombea mwili mmoja. Kwa maoni yangu, tafsiri hiyo inampendelea mno daktari.

Msikilize mwenyewe katika ungamo lake mwishoni mwa kitabu. Tangu ujana alikuwa na starehe zake za siri. Hazitaji, ila anakiri kwamba alizificha kwa kuwa alitaka kutembea kifua mbele machoni pa watu. Dawa aliitafuta ili nafsi mbili zilizomo ndani yake ziachane, kila moja ishike njia yake bila kuisumbua nyenzake. Nusu ya jaribio ilifaulu: Hyde ni uovu mtupu. Nusu ya pili haikuzaa malaika. Aliyebaki ni Jekyll yuleyule wa siku zote, mchanganyiko wa mema na mabaya, sasa akiwa na mtu wa kumtuma.

Stevenson anaweka alama ndogo ndogo za kutuonyesha hilo. Hyde ni mdogo wa umbo, nguo za daktari zinampwaya, maana uovu wa Jekyll ulikuwa haujapata mazoezi. Ukipewa nafasi, unanenepa. Asubuhi moja daktari anaamka na kuutazama mkono wake juu ya shuka: umekonda, mishipa imetutumka, umeota manyoya meusi. Ni mkono wa Hyde, ilhali usiku alilala akiwa Jekyll. Na ule mlango mkuukuu? Ni wa maabara iliyo nyuma ya nyumba ya daktari, ambayo kwa mbele inaonekana ya mtu wa heshima. Nyumba njema si mlango.

Mfano wa maisha ya namna hiyo Stevenson aliujua tangu utotoni Edinburgh. Chumbani kwake lilikuwamo kabati lililotengenezwa na William Brodie, fundi seremala stadi na diwani wa mji huo. Mchana Brodie alifanya kazi katika nyumba za matajiri. Usiku alirudi kuziibia kwa funguo alizozinakili. Alinyongwa mwaka 1788. Brodie hakuhitaji dawa yoyote. Heshima aliyokuwa nayo ndiyo iliyomfungulia milango.

Basi huyu daktari mtakatifu tunayemwona kwenye sinema alitoka wapi? Alitoka jukwaani. Thomas Russell Sullivan alipogeuza kitabu kuwa mchezo wa kuigiza mwaka 1887, alimpa Jekyll mchumba, jambo lisilokuwamo kitabuni. Filamu za baadaye zikafuata mkondo huo. Agosti 1888 mwigizaji Richard Mansfield aliupeleka mchezo huo London, katika ukumbi wa Lyceum. Mwezi huohuo mwuaji aliyekuja kuitwa Jack the Ripper alianza kuua wanawake mtaani Whitechapel, na wapo waliomshuku hata Mansfield, kwa jinsi alivyojua kubadilika mbele ya watazamaji.

Meneja wa ukumbi ule alikuwa Bram Stoker, ambaye mwaka 1897 alitoa Dracula. Kwake uovu unakuja kwa meli kutoka ugenini, na mashujaa wanajua pa kuupiga. Oscar Wilde, katika hadithi ya Dorian Gray ya mwaka 1890, alibaki karibu zaidi na Stevenson: kijana anabaki mzuri wa sura, picha yake iliyofichwa darini ndiyo inayooza kwa madhambi yake. Kati ya watatu hao, wawili waliukuta uovu nyumbani kwa mwenye heshima, na hao ndio waliosema kweli zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jekyll hakuanza kwa kuzidiwa nguvu na Hyde. Alimfungulia akaunti benki, akawaamuru watumishi wamtii, akaandika wosia wa kumrithisha mali yote. Mtu aliyefanya hayo kwa akili timamu hastahili kuitwa mhanga. Kitabu chenyewe ni kifupi, mwisho wa wiki mmoja unatosha kukimaliza. Kisome kabla ya kutazama filamu, na lile ungamo la mwisho usiliruke.